Barua kwa Mwanaisha: saini kwanza, kura baadaye

Brooklyn, 12 Januari

Mpendwa dada Mwanaisha,

Salamu nyingi, na hongera kwa uamuzi wa kugombea ujaji wa Mahakama ya Madai ya Jiji la New York. Mama akikuuliza tena kutoka Mombasa ni vipi jaji apigiwe kura, mwambie huko kwao majaji husailiwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na huku mtu hupanda ngazi za maghorofa akiomba saini. Sifa unazo: unaishi ndani ya jiji, na ile miaka 10 ya uwakili katika jimbo umeshaipita. Kipindi ni miaka 10, ila mwisho wa mwaka unaotimiza miaka 70 lazima uondoke. Hayo hayana tabu. Kinachonifanya nikuandikie leo ni karatasi za saini, zile za kuliingiza jina lako kwenye kura ya mchujo ya chama, maana wapo wagombea wazuri kabisa wanaotolewa mwezi wa Aprili, kabla mpiga kura hajaliona jina lao popote.

Ukigombea katika eneo moja la mahakama unatakiwa kupata saini 1,500 za wanachama wa chama chako. Ukigombea kwa Brooklyn nzima ni 4,000. Kama asilimia 5 ya wanachama walioandikishwa ni pungufu ya hapo, basi hiyo ndogo ndiyo inayohesabiwa. Muda ni siku 37, kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, yaani baridi na theluji vimo. Tafadhali usiweke lengo la 1,500. Weka 4,000. Ni kama saini 108 kwa siku, bila kupumzika hata siku moja. Sababu ni kwamba saini huanguka kwa wingi: mtu anaishi mtaa wa pili nje ya mpaka, au ameandikishwa bila chama, au juzi alimsainia mpinzani wako kwa kiti hichohicho. Hapo ile ya kwanza ndiyo inayosimama, yako inafutwa.

Kwa hiyo usisimame nje ya kituo cha treni ukamwomba kila apitaye. Chukua daftari la wapiga kura, lipange kwa jengo na kwa ghorofa, kisha gonga mlango wa mtu ambaye jina lake tayari liko mbele yako. Kila mstari una tarehe, saini, anwani ya anakoishi, na kaunti, ambayo kwa Brooklyn huitwa Kings. Mpiga kura anatakiwa kutia saini tu. Tarehe na anwani shahidi, yaani anayezungusha karatasi, anaweza kumwandikia. Waambie vijana wako wafanye hivyo, maana mwandiko wa mtu anayeandika ukutani huku mtoto analia jikoni hausomeki. Jambo moja wasilifanye kamwe: mume kumsainia mke aliye kazini. Saini mbili za mkono mmoja huonekana mara moja, na zikijirudia karatasi nzima inatiliwa shaka.

Chini ya kila karatasi kuna tamko la shahidi, na hapo ndipo hasara kubwa hutokea, kwa sababu kosa moja linabeba mistari yote iliyo juu yake. Shahidi awe mpiga kura wa jimbo la New York aliyeandikishwa katika chama hichohicho. Si lazima akae eneo lako. Awe amemwona kila mtu akisaini. Idadi ya saini aijaze mwisho, baada ya kuhesabu mistari, na tarehe yake isitangulie tarehe yoyote iliyo juu. Akikosea asikwangue wala asiandike juu ya kosa. Akate kwa mstari mmoja na kuweka herufi za kwanza za majina yake pembeni, kwani badiliko lisilo na herufi hizo limeshaangusha karatasi nyingi mahakamani. Ukimtumia nothari wa umma (ofisa wa kuthibitisha viapo na hati) asiye mwanachama, ni lazima amwapishe kila anayesaini. Mawakili wenzetu hulisahau hili, wakaleta nothari rafiki yao akazungukie milango kimya kimya. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kuwa shahidi, lakini ukitia jina chini ya karatasi ambayo hukuishuhudia, mahakama inaweza kuzitupa karatasi zako zote, hata zilizo safi.

Wapinzani wana siku 3 baada ya wewe kuwasilisha kuweka pingamizi, kisha siku 6 kueleza mstari kwa mstari. Kosa la karatasi ya juu, ile ya jalada, utapewa siku 3 za kazi kulirekebisha. Saini hairekebishwi. Tafuta mapema wakili wa sheria ya uchaguzi, usijitetee mwenyewe hata kama kesi za madai unazijua usingizini.

Sasa mdomo. Mlangoni watu watakuuliza: "Ukishinda utawazuia wenye nyumba kutufukuza?" Hutakiwi kuahidi. Kanuni za maadili zinakukataza kuonyesha utakavyoamua jambo linaloweza kufika mbele yako. Sema umefanya kazi gani, miaka mingapi, na kwamba utasikiliza pande zote mbili. Waeleze pia kweli yenyewe: majaji wa kesi za nyumba huteuliwa, hawachaguliwi, wewe utashika madai ya hadi dola 50,000, na yale madogo ya hadi dola 10,000. Mtu akielezwa hivi kwa heshima hakasiriki. Usimpigie debe mgombea mwingine, ingawa jina lako linaweza kuwa kwenye karatasi moja na la mwingine.

Fedha usiziombe wala kuzipokea kwa mkono wako, hata hundi ya binamu yako. Kamati yako ya kampeni ndiyo inayoomba, na dirisha lake hufunguka miezi 9 kabla ya kura ya mchujo ya Juni na kufungwa miezi 6 baada ya uchaguzi mkuu. Ule mpango wa jiji wa kuwaongezea wagombea fedha za umma hauwahusu majaji. Kumbuka pia kwamba wakili akichangia dola 2,500 au zaidi, kesi zake hutapangiwa kwa miaka miwili. Ni kanuni nzuri, inakulinda. Na mafunzo ya maadili ya kampeni ni ya lazima. Usiyaache hadi dakika ya mwisho.

Kamati zinazopima sifa za wagombea ujaji, ikiwemo ya chama cha mawakili cha jiji, zitataka majina ya majaji na mawakili waliowahi kukukabili. Wapigie simu kabla hawajapigiwa.

Siku ya kura ya mchujo, waambie wafuasi wako kwamba kupanga wagombea kwa namba, kama wanavyofanya kwa meya, hakupo kwenye safu ya majaji. Anayezoea namba huifikia safu hiyo akasita, akaiacha wazi. Na usishangae ukishinda ukapelekwa mahakama ya jinai au ya familia. Wapya hupelekwa huko sana. Kupanda baadaye hadi Supreme Court ya jimbo, ambayo huku si mahakama ya mwisho licha ya jina lake, ni njia nyingine kabisa, ya wajumbe wa mkutano wa chama. Margarita López Torres, jaji wa mahakama hiihii kutoka Brooklyn, aliipinga njia hiyo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2008 majaji wote 9 wakaiacha kama ilivyo. Ndiyo maana kiti hiki unachokitaka nakithamini: mtu asiye na mkubwa ndani ya chama bado anaweza kukifikia kwa miguu yake.

Karatasi zinahitaji majina ya watu wasiopungua watatu wa kamati ya kujaza nafasi iwapo utajitoa. Nitumie hayo majina kabla ya Ijumaa, pamoja na ramani ya eneo lako, nianze kupanga majengo.

Wako,
Zubeda