Yaya, ile ordinatere yako sikuiuzisha

Yaya Baba Merveille,

Jambo yako? Natumaini huko Kolwezi bote beko bazima, na Mama Merveille umupe salamu mingi. Sisi huku Katuba, Lubumbashi, tuko, kiangazi imeingia, vumbi ya makamiyo njo chakula ya kila siku.

Uliniuliza kwa simu kama ile ordinatere (kompyuta) uliniachia niliisha kuiuzisha. Hapana yaya, sikuiuzisha, na usikasirike mbele ya kusoma mpaka mwisho. Mutu wa kwanza nilimuonyesha alisema dola 40 kwa yote, skrini ndani, nikaona hii ni matusi, OptiPlex 7010 ile kubwa ya kusimama, i5-3470, ni ya mwaka 2012 kweli lakini haijakufa. Ilikuwa inateswa tu: RAM (kumbukumbu ya kazi) giga 4, disiki inalia sawa vile inasaga mahindi, na picha zote zinategemea ile HD 2500 ya ndani ya prosesa, njo maana kwenye PES 2017 mupira ulikuwa unafika golini mbele ya mutu aliyeupiga.

Sasa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, ikaanguka, nikatosha dola 130 pembeni, bibi yangu wa ndoa anajua 100 tu.

Kazi ya kwanza haikukula pesa mingi. Niliifungua nikakuta vumbi nyekundu ya miaka yako yote, imefunika vantilatere (feni) sawa blanketi, nikapangusa na brosi ya rangi, nikabadilisha pati ya kupozesha prosesa, dola 3, ile kelele ya ndege ikaisha siku ileile. Kisha nikanunua bareti mbili za RAM za giga 4, dola 16, uangalie muzuri iwe DDR3 juu DDR4 haiingii hata usukume namna gani, kikato chake kiko fasi ingine. Zile mbili za giga 2 niliziacha ndani, matundu iko nine, ikafika giga 12. SSD, ile disiki isiyozunguka, ya giga 240 dola 22, na hapa njo nililia yaya, mbele nilikuwa nawasha Windows naenda kununua mukate narudi ingali inazunguka, leo hata sijaketi muzuri iko tayari. Kwa mchezo wenyewe haiongeze frem (picha za kila sekunde) hata moja, asikudanganye mutu, ni kufungua tu njo inakuwa mbio.

Kadi ya grafiki sasa. Muuzaji mumoja alitaka nibebe RX 580, karibu bei moja, tena ina nguvu kuliko yangu, lakini ile inakula wati 185 na inataka kamba yake ya umeme, na alimentasio ya Dell (kile kisanduku kinaipatia umeme) haina ile kamba. Tena nyingi za namna ile zilichimba kripto usiku na mchana mbele ya kufika huku. Nikachukua GTX 1050 Ti ya giga 4, dola 60, ni ya mwaka 2016 lakini inakula wati 75 tu na zote inazipata kwenye tundu inapochomekwa. Sikulipa mbele ya kuijaribu palepale na GPU-Z, programu ya kusoma kadi, niliyobeba kwenye kle USB, juu kuna kadi za zamani kabisa banazibadilisha jina ndani zinajiita 1050 Ti, ile programu inazitaja.

Haya, njo tufike kwenye ujinga wangu. Yule aliyeniuzia kadi akaniambia mukubwa, alimentasio yako ya wati 275 ni kidogo, itaunguza kila kitu, beba hii ya wati 500, dola 15. Nikabeba. Ilikuwa nyepesi sawa kopo ya maziwa yenye imeisha, mkono wangu ulijua, kichwa kilikataa. Siku ya tatu delestaji, bakakata umeme, ukarudia saa moja ya mangaribi na hasira, nikasikia paa! moshi, harufu. Bibi akauliza toka jikoni, "ile likelemba njo inanuka vile?"

Usiku ule njo nilifanya hesabu ya darasa la tatu yenye ningefanya mbele ya kulipa: prosesa 77, kadi 75, jumla 152, disiki na vantilatere ni vitu vidogo. Ile 275 yako ilikuwa inatosha! Nikairudisha, kadi ilikuwa nzima, asante Mungu, na inatembea mpaka leo. Kisha nikanunua protektere ya frigo, dola 12, umeme ukirudia inangoja dakika kadhaa ndiyo inafungua, ordinatere inakula nyuma yake sawa frigo.

Jumla 128. Mbili zilizobaki zilikwenda kwenye michopo, sikatai.

PES sasa inateleza, GTA V nayo inaenda bila kukwama. Ile michezo mipya yenye inadai AVX2 (amri mpya za prosesa) itakataa tu, prosesa ya kizazi hiki haina, na Windows 11 inaomba kizazi cha 8, yetu ni ya 3, na Windows 10 bashafunga masasisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 mwezi wa 10, 2025. Mambo ya benki sifanyiake humo.

Nakuomba kitu: huko kwenye maofisi ya machimbo banatupaka mashini za zamani, ukiona 7010 ao 9010 yenye i7-3770 uniambie, inaingia kwenye tundu ileile.

Na ile disiki ya kelele, mbele ya kuifuta niliangalia ndani. Picha za ndoa yako ziko mule yaya, foldere nzima, na mzee wako anacheza. Ningeiuzisha na dola 40 ningeuzisha na mzee. Nipe jina ya mutu anayepanda basi wiki hii, nimupatie kwenye kle.

Mudogo wako