Mtihani wa lugha ya kigeni ufanyike karakana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie somo ambalo katika shule nyingi za sekondari zenye kozi za ufundi huchukuliwa kuwa la kujazia ratiba, yaani lugha ya kigeni. Mimi ni mwalimu wa somo hilo, na ninaloomba ni moja: mwanafunzi wa ufundi apimwe lugha kwa kazi za fani yake, mbele ya vifaa vya fani yake, badala ya kupewa mtihani uleule wa mwenzake anayejiandaa kwenda kusoma fasihi chuo kikuu, ila umepunguzwa maswali.

Nimeanza na mtihani kwa makusudi. Wanaorekebisha mitaala hupenda kuanza na vitabu, na vitabu vyenye picha za mafundi na wahudumu wa hoteli vimekwisha kuandikwa vingi. Lakini mwalimu yeyote anajua kwamba darasa hufuata mtihani. Mtihani ukitaka mwanafunzi ajaze nafasi zilizoachwa wazi na kugeuza sentensi kuwa kauli ya kutendwa, basi hicho ndicho kitakachofundishwa, hata kama kitabu kina sura nzima juu ya kupokea malalamiko ya mteja. Wanafunzi wakishajua kuwa sura hiyo haiulizwi, huiruka, na siwezi kuwalaumu.

Tumchukue mwanafunzi wa ufundi wa magari aliyefika mwaka wa mwisho. Majina ya vipuri kwa lugha ya kigeni ameyakariri, na ukimwonyesha kimoja kimoja atakutajia bila kusita. Mpe sasa ukurasa wa mwongozo wa matengenezo unaoeleza namna ya kurudishia kichwa cha silinda. Ataelekezwa kukaza bolti kwa mpangilio maalumu, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu zaidi ya moja na kila awamu kwa kipimo chake, na katika injini nyingi ataonywa asirudishie bolti zilizokwisha kutumika. Majina yote yaliyomo anayajua. Kinachompotea ni kipi kitangulie, kipi kisubiri, na ni sharti gani lisipotimizwa kazi isimame. Akikosea hapo, gasketi inaweza kuvuja au kichwa chenyewe kikapinda. Nimewaona vijana hodari sana kwa mikono wakikwama kwenye ukurasa wa namna hii, wakamuuliza mwenzao, naye akabahatisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba fundi hahitaji sarufi, anatosheka na orodha ya msamiati. Katika mwongozo wa kazi, sarufi ndiyo hubeba sharti, katazo na mfuatano wa hatua. Anayefundishwa orodha ya majina peke yake amepunjwa sawa na yule anayefundishwa kanuni zisizogusa kazi yake, na pengine zaidi, kwa sababu yeye huondoka akiamini kuwa anaijua lugha ya fani.

Zipo kazi ambazo zimekwisha kuona umuhimu wa jambo hili, kwa kuwa kosa la mawasiliano ndani yake huua. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili kubwa ziligongana katika uwanja wa ndege wa Tenerife na watu 583 wakafa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa, pamoja na ukungu na kuingiliana kwa sauti za redio, yalikuwamo maneno ambayo rubani na muongozaji wa ndege aliyekuwa mnarani hawakuyaelewa kwa namna moja. Leo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka marubani na waongozaji wa ndege za kimataifa wapimwe kwa ngazi 6 za umahiri wa lugha, na ngazi ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika kazini. Kinachopimwa ni kusema na kusikia katika mazingira ya kazi yenyewe, hata pale linapotokea jambo lisilotarajiwa. Mabaharia nao, tangu mwaka 2001, wana misemo sanifu ya mawasiliano iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari.

Kwa shule zetu mfano wa karibu zaidi ni wa Ujerumani, ambako mwaka 1998 mawaziri wa elimu wa majimbo walikubaliana kuwapo cheti cha lugha za kigeni kwa wanafunzi wa elimu ya ufundi. Mtihani wake hutungwa kwa kufuata eneo la kazi. Mtahiniwa huelewa matini za kazi, huandika, hufanya mazungumzo, na, jambo ninaloliona la thamani kuliko yote, hupitisha ujumbe kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kijana wa mapokezi anayesimama kati ya mgeni na mpishi hupitisha ujumbe mchana kutwa. Mgeni akisema ana mzio wa karanga, kijana hatakiwi kutafsiri neno kwa neno. Anatakiwa kuuliza kama hata mafuta ya karanga yana madhara, kisha amfikishie mpishi habari iliyo kamili. Katika mitihani yetu stadi hiyo haiulizwi kabisa.

Wapo wanaohofia kwamba tukifanya hivi tutamfungia kijana katika fani moja, na kesho akitaka kubadili kazi au kuendelea na masomo atakuwa hana msingi. Hofu hiyo ina uzito, ndiyo maana sipendekezi kupunguza vipindi hata kimoja, na mwaka wa kwanza ubaki wa lugha ya jumla. Hata hivyo, aliyezoea kuomba ufafanuzi, kueleza hitilafu na kuandika taarifa inayoeleweka ataondoka na uwezo huo popote aendako.

Hofu nyingine ni yetu sisi walimu wa lugha, ambao wengi hatujui kushika spana. Mwalimu wa lugha halazimiki kuwa fundi. Akiingia karakana na kuwaomba wanafunzi wamweleze mashine kwa lugha ya kigeni, kisha akauliza tena pale asipoelewa, zoezi la siku hiyo limekwisha kupatikana, na mkufunzi wa karakana yupo kusahihisha yanayohusu fani. Kinachokosekana ni kipindi kimoja katika ratiba ambacho wawili hao wanapangwa pamoja.

Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana ya mitihani waanze na robo tu ya alama za somo hili. Robo hiyo itokane na mtihani wa mdomo unaofanyika karakana, jikoni au mapokezi, ukisimamiwa na mwalimu wa lugha pamoja na mkufunzi wa fani, na ukurasa mmoja wa ripoti ya mafunzo kwa vitendo ulioandikwa kwa lugha ya kigeni. Maswali ya mtihani huo walimu wa shule wanaweza kuyatunga wenyewe kutoka kwenye miongozo ya vifaa walivyo navyo, na mwongozo wa kutoa alama ukatolewa mwaka mmoja kabla ili wanafunzi wajiandae.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa lugha za kigeni, sekondari ya ufundi