Viatu vyenu vya ofa ya manesi vimemegukia wodini, nataka pesa yangu

Kwa meneja wa duka,

Salamu kutoka Kisumu. Hii ni kuhusu viatu vyeusi vya kazi, saizi 39, nilivyonunua kwenu kwa ile ofa ya Siku ya Manesi.

Bosi, najua yule dada wenu wa WhatsApp amechoka na mimi, anasoma meseji tiki zinageuka bluu halafu kimya, ndio maana nimeamua kuandika barua moja ndefu kila kitu kiwe pahali pamoja uisome wewe mwenyewe. Mimi ni nesi, huu ni mwaka wangu wa 11 kazini, na nikiwa zamu ya usiku naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa mbili asubuhi. Hapo katikati nikipata kukaa chini dakika ishirini ujue usiku huo Mungu ametuonea huruma. Kwa hivyo kiatu kwangu si urembo, ni kama vile dereva wa matatu na tairi.

Sasa mwezi wa tano, karibu na tarehe 12 (hiyo ndio siku ya manesi dunia nzima, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, kila mwaka tunakatiwa keki tunapigwa picha halafu tunarudi wodini kuhesabu gloves kama zitafika asubuhi), kijana wenu wa mauzo alitoka huko Nakuru na begi la sampuli akatupata wakati wa kupokezana ripoti. Kijana mwenye adabu sana, kila mtu "sista", "madam", mpaka sista inchaji akamwekea chai. Akasema bei ya kawaida ni 6,500 lakini ukionyesha kitambulisho cha kazi unalipa 4,550, asilimia 30 chini, kwa sababu nyinyi mnathamini manesi. Halafu akachukua kiatu akakikunja katikati kama chapati, kisigino kikagusana na vidole, akasema ona venye ni laini, hii ni othopediki, hii inabeba mguu. Na sisi tukapiga makofi! Watu wazima wenye diploma na digrii.

Mimi hasa ndio nilikuwa nahitaji kubebwa mguu. Tangu mwaka jana kisigino cha kulia kinaniua, ile ukiamka asubuhi ukikanyaga chini hatua ya kwanza unahisi kama umekanyaga msumari, ukitembea tembea kinaachilia, halafu jioni kinarudi na hasira. Nesi hahitaji kuambiwa hiyo ni nini, ni planta fashaitisi, ule utando wa chini ya unyayo umevutwa mpaka umechoka. Mwenzetu wa fizio, yule wa tiba ya viungo, alikuwa ameniambia nitafute kiatu chenye tao la kushika katikati ya unyayo na kisigino kigumu kisichobonyea. Nikaona Mungu amejibu.

Tulichanga watu 9. Fanya hesabu: 4,550 mara 9 ni 40,950, zikaingia kwa till yenu kabla hata yule kijana hajamaliza chai. Mimi niliuliza saizi 40 kwa sababu navaa 39 asubuhi lakini ikifika saa nane usiku mguu umevimba, na kila mtu anayesimama kutwa anajua kiatu unakipima jioni mguu ukiwa umeshajaa, na ubakishe upana wa kidole hapo mbele. Akaniambia ofa imebakisha 38, 39 na 43 peke yake. Hapo ndipo ningeshtuka. Kiatu kipya kilichofika juzi hakikosi 40 na 41, hizo ndizo saizi za nusu ya manesi wa wodi yetu. Lakini ofa ni ofa, nikachukua 39, nikalipa na 300 ya paseli, ikafika steji baada ya siku mbili.

Wiki ya kwanza vidole vilibanwa nikapata malengelenge, nikasema vitafunguka. Wiki ya pili kisigino kikarudi kuuma kuliko zamani. Nikatoa soli ya ndani kuangalia hilo tao la othopediki, nikakuta kipande cha sponji kimelala bapa kama mkate wa jana. Nikampelekea fizio akacheka, akachukua kiatu akakikunja venye kijana wenu alikunja, akaniambia dada hii ndio dalili mbaya yenyewe, kiatu cha kusimamia kinatakiwa kukunjika hapa kwa vidole peke yake, kikikunjika katikati mguu wako ndio unafanya kazi ya kiatu. Kisha akakipinda kama anakamua nguo, kikapindika. Yaani kile kitu tulichopigia makofi ndicho kilitakiwa kutufukuza.

Hata hapo bado sikuwa nimewatafuta. Nilisema ni ujinga wangu.

Wiki ya tatu ndio sasa. Usiku wa Alhamisi, saa tisa hivi, tuko wawili kwa wodi nzima, naenda kubadilisha dripu ya mama mmoja aliyetoka theatre. Nasikia chini kinafanya kwach, kwach, nikadhani nimekanyaga maji. Mama mmoja anayelala karibu na dirisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sista, unaangusha nini?" Nageuka nyuma naona nimeacha njia nyeusi kutoka deski ya manesi mpaka hapo nilipo, makombo kama keki iliyoungua. Nikainua mguu, soli ya kulia imepasuka pande mbili na nusu ya kisigino imebaki huko nyuma sakafuni. Haikubanduka, sikiliza vizuri, gundi ilikuwa imeshika sawasawa. Soli yenyewe ilikuwa inameguka, ukiishika inabaki mikononi kama udongo mkavu.

Nilimaliza zamu na slipas za pinki saizi 41 za jamaa ya mgonjwa, nikikokota miguu kama bibi harusi. Wewe huenda ukaona inachekesha, na hata mimi sasa nacheka, lakini wodini kuna damu, kuna sindano inaweza kuanguka, kuna sakafu imepigwa mop na Jik inateleza, ndio maana haturuhusiwi viatu vya wazi. Inchaji alikuja asubuhi akaangalia miguu yangu, akaangalia uso wangu, akasema tutaongea. Na yule mama wa usafi aliyefagia makombo yenu mpaka chini ya vitanda bado hajanisamehe.

Jumapili nikapeleka kwa fundi wangu pale Kibuye, mzee ameshona viatu tangu mimi niko shule ya msingi. Nikamwambia jaduong', yaani mzee, nitilie gundi. Hata hakuchukua gundi. Alichukua kile cha kushoto ambacho kilikuwa bado kizima, akabonyeza soli na kidole gumba, kidole kikazama. Akaniambia hii imeoza, haijaanza kuoza kwako, imeoza kwa stoo. Halafu akakigeuza akanionyesha kitu sijawahi kuona maisha yangu yote, kaduara kadogo kamechongwa chini ya soli kama uso wa saa, pembeni namba za miezi, katikati mwaka, na mshale. Mwaka ni 17. Mshale uko kwa 9. Septemba 2017, bosi! Viatu mlivyoniuzia mwaka huu kama vipya vilitoka kiwandani 2017.

Nimeenda nikasoma. Soli nyingi nyepesi za aina hii ni za poliyurethani, aina ya plastiki laini ya povu, na hiyo poliyurethani adui yake ni unyevu na joto, maji yaliyo kwenye hewa yanaivunja polepole kutoka ndani hata kama kiatu kiko ndani ya boksi hakijavaliwa siku moja, ndio maana unaweza kukuta kiatu kinang'aa juu hakina hata mkwaruzo halafu siku ya kukivaa kinageuka unga. Sasa kiweke stoo miaka yote hiyo halafu kilete Kisumu kando ya ziwa na hili joto letu, ulitarajia nini? Na mnachoniudhi zaidi ni kwamba kiatu chenyewe kilikuwa kizuri wakati wake. Kimepigwa muhuri wa EN ISO 20347, hicho ni kiwango cha viatu vya kazi visivyo na chuma mbele, na kiwango hicho kinataka tarehe ya kutengenezwa iandikwe kwa kiatu. Kwa hivyo tarehe mlikuwa nayo. Mtu wa stoo yenu anajua kusoma huo mshale kuliko mimi.

Halafu kuna mambo ya hiyo asilimia 30. Mwenzangu wa wodi ya watoto alinunua kiatu hichohicho kwenu mwezi wa tatu, bila ofa, bila kitambulisho, bila keki. Alilipa 4,800, risiti anayo, nimeipiga picha nikawatumia. Kwa hivyo bei ya kawaida ilipanda mpaka 6,500 ili ishuke mpaka 4,550, na thamani ya nesi kwenu ni shilingi 250. Sheria ya kulinda wateja ya 2012 inahesabu hiyo kama udanganyifu, kumwambia mtu kuna nafuu ya bei na hiyo nafuu haipo. Na katiba yenyewe kifungu cha 46 kinasema mteja ana haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara.

Majibu yenu ndio yalinifanya nikae chini niandike. Kwanza mkaniuliza, "Je, uliviosha kwa maji?" Jamani. Hivi ni viatu vya nesi, vimemwagikiwa damu, vimemwagikiwa maji ya uzazi, nisivioshe na maji nivioshe na nini, na soda? Pili mkasema vitu vya ofa havirudishwi, imeandikwa kwa risiti. Imeandikwa ndiyo, lakini hakuna mahali mliandika kwamba kiatu ni cha 2017, na hicho ndicho nilitaka kusoma. Tatu mkanipa vocha ya asilimia 10 nikinunua tena. Yaani mnanipa punguzo la kosa la pili.

Ninachotaka ni 4,550 yangu na ile 300 ya paseli, kwa M-Pesa, namba mnayo. Wale wengine 8 pia muwarudishie wakitaka, kwa sababu tumegeuza viatu vyote tukaviangalia, vyote ni 17, na viwili zaidi vimeshaanza kupasuka pembeni. Na hizo pea zilizobaki stoo, tafadhali msizipakie tena kwa begi kuzipeleka hospitali nyingine. Kama mnataka kuziuza, andikeni mwaka kwa boksi, mseme ni za zamani, mtu aamue mwenyewe akiwa ameona.

Nawapa siku 14. Zikipita tutaenda sote 9 kwa mahakama ya madai madogo, pale madai hayazidi shilingi milioni moja, hakuna haja ya wakili na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Siku za ofu tunazo, tutapanga zamu.

Yule kijana wa mauzo msimfukuze. Sidhani alijua, na alikuwa ameagiza pea moja ya mamake.

Viatu viko kwa boksi lake chini ya kitanda changu. Makombo niliyookota nimefunga ndani ya glovu, mtu wenu akija anaweza kubeba vyote pamoja, ila aje baada ya saa nane mchana, kabla ya hapo nitakuwa nimelala.

Ni mimi,
Nesi wa saizi 39, Kisumu