Mikono ya muuguzi haihitaji semina, inahitaji kuulizwa

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Ila ile habari yenu ya wauguzi wa hospitali kurudishwa darasani wakajifunze kumpima mgonjwa kwa macho, mikono na masikio imenishinda kuinyamazia. Mmeisifu semina, mmewasifu waandaaji, mkaipamba na picha kubwa ya muuguzi akisikiliza mapafu ya mdoli, stethoskopu ikiwa juu ya shati. Juu ya shati, Mhariri! Hapo anachosikia ni mchakacho wa kitambaa, na mchakacho huo unaweza kabisa kumdanganya mtu akadhani mapafu yana maji. Mpiga picha wenu hakujua, namsamehe. Lakini wale waliosimama nyuma wakitabasamu ndio wakufunzi.

Nimefanya kazi wodini, kisha nikafundisha wauguzi hadi nilipostaafu. Mambo hayo manne, kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza, yanafundishwa chuoni. Wanafunzi wanajua hata kwamba tumbo husikilizwa kabla ya kupapaswa, kwa sababu ukishalibonyeza sauti za utumbo zinabadilika. Wanafanya mtihani, wanafaulu. Kisha wanafika wodini na kukuta hakuna mwenye haja na ujuzi huo. Muuguzi akimpigia daktari simu usiku, swali la kwanza ni mashine inasomaje. Haulizwi mkono wake umekuta nini. Baada ya muda naye anaacha kuupeleka mkono, na siwezi kumlaumu peke yake.

Nitawapa mfano mmoja tu. Kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, alifanyiwa upasuaji wa ngiri kwa ganzi ya mgongo. Upasuaji ulikwenda vizuri. Jioni nilipofika kumwona nilimkuta anahangaika kitandani, anatupa shuka, anataka kushuka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kwenye chati yake kulikuwa kumeandikwa kwa mwandiko safi kabisa: "Mgonjwa msumbufu, hataki kutulia." Chini yake presha imepanda, mapigo yamepanda, oksijeni iko sawa. Daktari alikuwa ameshapigiwa simu, ameshasomewa namba hizo, na ameshaagiza sindano ya kumtuliza. Muuguzi, binti mpole na mwenye adabu, alikuwa anakuja na sindano mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu subiri kidogo." Nikafunua shuka. Chini ya kitovu palikuwa pamevimba kiasi kwamba ungepaona ukiwa umesimama mlangoni. Nikaweka kidole, nikakigonga kwa kidole cha mkono wa pili: sauti nzito, ya kitu kilichojaa, kuanzia kwenye kinena hadi karibu na kitovu. Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho mgonjwa amekojoa. Akaitazama chati. Hapakuwa na kitu. Ganzi ya mgongo hulaza kibofu, upasuaji wa ngiri nao huchangia, na kwa mwanamume wa umri ule mwenye tezi dume iliyokua, ungeshangaa kama mkojo ungetoka wenyewe. Mpira wa mkojo ulipowekwa ilitoka lita nzima na bado ukaendelea kutiririka. Kabla mfuko haujabadilishwa "msumbufu" alikuwa amelala fofofo, bila sindano ya mtu. Presha ikashuka yenyewe. Yule binti akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, chuoni tulifundishwa kugonga hivyo. Ila huku sijawahi kumwona mtu akifanya." Nataka sentensi hiyo ya mwisho isomwe na kila aliyekaa meza kuu kwenye semina ile.

Tena si jambo geni. Kugonga mwili ili kujua kilichomo ndani kuliandikwa na Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna, mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba kijana alijifunza kwa kugonga mapipa ya mvinyo kujua yamebaki na kiasi gani. Stethoskopu ya Laennec, daktari Mfaransa, ilikuja baadaye, 1816. Zana za kazi hii hazikatiki umeme na hazihitaji betri.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, hebu niseme na hili la upumuaji, maana limeniudhi tangu ningali kazini. Chukueni chati yoyote ya wodi ya watu wazima msome safu ya upumuaji. Mtakuta 18, 18, 20, 18. Aliyetoka kupanda ngazi 18, aliyelala 18, mwenye nimonia 18. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo 18 haimshtui mtu, na ndiyo maana inapendwa. Lakini katika mwili unaoanza kuharibikiwa, pumzi ni kati ya vitu vya kwanza kubadilika, mara nyingi presha ikiwa bado nzuri na oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, bado inatoa namba ya kupendeza. Madaktari wa Uingereza walipotoa mfumo wao wa alama za tahadhari mwaka 2012, ambamo kila kipimo kinapewa alama kadiri kinavyoonyesha hatari, upumuaji wa 25 na kuendelea uliwekewa alama 3, kiwango cha juu kabisa kwa kipimo kimoja. Ukiandika 18 kwa mtu anayepumua 28, umefuta king'ora kabla hakijalia. Kuhesabu kunataka dakika moja. Unashika kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo, ili mgonjwa asijue na kuibadilisha pumzi yake, huku macho yako kifuani kwake. Najua wagonjwa ni wengi na muuguzi ni mmoja, nimeyapitia hayo, na anayepanga zamu za namna hiyo ana barua yake anayostahili. Lakini kama dakika haipo, basi safu iachwe wazi. Au tuwe wakweli tuchonge mhuri wa 18, kila wodi ipewe wake na kidau cha wino, tuokoe muda.

Semina si mbaya, waendelee kunywa chai na kupewa vyeti. Mimi ningeanzia kwa daktari wa zamu. Akipigiwa simu kuhusu mgonjwa anayehangaika baada ya upasuaji, asiruhusiwe kuagiza dawa ya kutuliza kabla hajauliza maswali mawili: amekojoa saa ngapi, na ulipogonga chini ya kitovu umesikia nini? Muuguzi aandike jibu kwenye chati kwa maneno yake, na daktari atie saini pembeni kwamba amelisikia. Makabidhiano ya zamu nayo yahamishwe kutoka mezani yafanyike kando ya kitanda, shuka ikiwa imefunuliwa na pazia limevutwa. Muuguzi mkuu akipita asiulize kama chati zimejazwa. Achague mgonjwa mmoja, amwambie muuguzi ahesabu pumzi mbele yake, alinganishe na iliyoandikwa.

Zikibaki fedha za semina, zinunue saa za ukutani, moja kwa kila vitanda vinne, zenye mshale wa sekunde unaoonekana ukiwa umemwinamia mgonjwa. Zile za namba tupu zisizo na sekunde, kama zilizojaa maofisini, zibaki huko huko maofisini.

Muuguzi mstaafu