Kazi gani hii ya kulipia?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme ninayoyaona dirishani. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Msamvu, Morogoro. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" watu wameshaizoea, wanaicheka. Siku hizi wanatuma hela kwa wasiowajua ili wapate kazi ya kufanyia nyumbani.

Wengi ni vijana waliomaliza chuo na kina mama wenye watoto wachanga. Inaanzia WhatsApp: "Habari dada, tunatafuta watu wa kulaiki video, uzoefu hauhitajiki." Siku ya kwanza wanalipa kweli, shilingi 3,000 au 5,000, na mteja anakuja kuitoa kwangu huku anacheka. Hicho ndicho chambo. Baadaye anaingizwa kundi la Telegram ambako kila mtu anarusha picha ya malipo yake (mimi naamini wengi humo ni walewale matapeli), kisha anaambiwa alipie 30,000 apande levo. Kwenye simu salio linasoma 80,000, mara 200,000. Akitaka kulitoa, alipe kodi kwanza! Hapo ndipo wanaponijia na hela ya kukopa.

Jamani, mwajiri hamwambii mfanyakazi amtumie kodi. Anaikata kwenye mshahara, anaipeleka TRA mwenyewe.

Na kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Kampuni imejitambulisha ni ya Uingereza, jina linalotokea ni la mtu tu, na kesho unapewa namba nyingine yenye jina jingine. Nilimuuliza binti mmoja, "Mdogo wangu, huyu ni nani huko kazini kwenu?" Akasema mhasibu. Nikamkumbusha kwamba juzi mhasibu alikuwa mwingine. Akatuma vilevile.

TCRA wametupa 15040 ya kutuma namba za matapeli, na mimi naitumia. Lakini hela haisubiri, ikishafika inatolewa palepale. Ombi langu ni kwa kampuni za simu: wakala akitilia shaka namba, awe na njia ya kuomba muamala usimame japo saa moja, mteja apate kuwapigia ndugu zake. Kwa sasa nikimkatalia anavuka barabara tu, anahudumiwa na mwenzangu.

Mama Wakala,
Msamvu, Morogoro