Kaka, usiifunge njia ya mtoni

Sheffield, Uingereza

Kwako kaka Baluku,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, kwa watoto wote, na zaidi kwa Mama. Mimi huku sijambo. Baridi imeanza kulegea, kazi ni ile ile ya kulea wazee, zamu za usiku zimezidi kidogo, lakini tuyaache hayo. Barua hii nimeiandika kwa kalamu na kumpa mtoto wa mama Biira anayekuja likizo, maana yaliyomo si ya kujibizana kwenye simu mbele ya mashemeji na watoto wa shule.

Ujumbe wako wa pesa za seng'enge na nguzo za saruji, za kuzungushia shamba na kuifunga njia ya mtoni, umenifikia. Nimesikia pia ulichosema kwenye kundi la familia nilipoweka zile picha za mlimani: kwamba pesa za kuzurura porini na Wazungu ninazo, ila za kuzungushia shamba la baba sina. Kaka, neno hilo limeniuma na bado linaniuma. Karo ya muhula huu imefika au haijafika? Dawa za Mama za presha zimefika au hazijafika? Habari ya mabati sirudii, tuliimaliza mbele ya baba mdogo. Lakini mbele ya watu wote wale usiniite mzururaji. Sikulelewa hivyo na wewe unajua.

Sasa nikueleze huko kuzurura kwenyewe, maana nadhani hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ni chama cha watu wa mji huu. Kila Jumapili wanatoka kwenda kutembea kwa miguu mashambani na milimani, na mara moja moja wanakwenda kulala huko wikendi nzima. Aliyenielekeza ni mzee mmoja ninayemhudumia kazini, ambaye ukutani kwake kuna picha zake za ujana, viatu vizito miguuni na kamba begani. Alikuwa akiniuliza siku zangu za mapumziko nazipitishaje. Nilikuwa nazipitisha kitandani, pazia limefungwa. Akaniambia nenda ukatembee, miguu unayo. Ada ya mwaka mzima haifiki hata pesa ya soda za harusi moja ya kwetu. Viatu nilinunua vya mtumba. Hizo ndizo pesa unazozihesabu.

Sheffield ni mji wa chuma, lakini milima iko mlangoni. Unapanda treni asubuhi, na baada ya nusu saa hivi unashuka Edale, kijiji kidogo bondeni, kondoo kila upande. Tunakusanyika nje ya stesheni: wauguzi, madereva wa basi, walimu waliostaafu, wanafunzi wa Kipakistani, na mimi. Mwongozaji anatangulia na ramani, na nyuma kabisa anatembea mfunga msafara, kazi yake kuhakikisha hakuna anayeachwa. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, naye anasimama. Siku yangu ya kwanza nilipoona hivyo nilimkumbuka baba, Mungu amrehemu, alivyokuwa akitusubiri pale kwenye jiwe kubwa tukitoka kanisani, na hasemi neno mpaka mdogo wetu wa mwisho afike.

Kutoka Edale tunapanda Kinder Scout. Kwa urefu si kitu, mita 636 tu, lakini juu ni tambarare kubwa ya udongo mweusi uliolowa unaonyonya mguu mpaka gotini. Hapo ndipo nilipojulikana. Wenzangu wanazama, wanacheka, wanavutana. Mimi napita. Nilikumbuka aliyotufundisha baba mdogo alipokuwa akibeba mizigo ya wageni kutoka Nyakalengija mpaka matope ya Bigo, kule mlimani kwetu: kanyaga shada la nyasi, usikanyage weusi unaong'aa, na ukishaweka uzito usisite. Wakauliza nimejifunza wapi. Nikawaambia Rwenzori, milima ya kwetu Uganda. Wengine walikuwa wanaijua kwa jina, na yupo mmoja aliyewahi kuja kwetu, akafika mpaka kwenye barafu. Mwambie baba mdogo kwamba Uingereza kuna watu wanaotembea kwa mafunzo yake.

Halafu kuna maporomoko yanaitwa Kinder Downfall. Upepo wa magharibi ukivuma sana, maji hayaanguki. Yanafika ukingoni, yananyanyuliwa, yanarudi juu hewani na kukupiga usoni ukiwa umesimama pale pale yalipotoka. Niliyaona kwa macho yangu. Mama atasema natunga, ndiyo maana nilituma ile video.

Na sasa jambo ninalotaka mlisikie vizuri. Mwezi uliopita nimeongoza mimi. Nilisomea ramani na dira, nikafanya mtihani, nikapewa cheti, kimetundikwa sebuleni. Ramani zao zinaonyesha kila kitu, sentimita 4 ni kilomita moja, hata ukuta wa mawe unaotenga shamba na shamba umo, na njia za miguu zimechorwa kwa vistari vya kijani. Siku hiyo tulipofika juu ukungu ulishuka, hatuonani hata hatua kumi. Nikatoa dira, nikalenga, nikahesabu hatua kimoyomoyo, huku nyuma wamenyamaza wote wakinifuata. Tulitokea penyewe hasa, kwenye lundo la mawe nililokuwa nalitafuta. Daktari mstaafu nyuma yangu, mwalimu wa chuo kikuu nyuma yangu, na mbele yao binti wa mchimba shaba wa Kilembe. Hiyo ndiyo picha uliyoiandikia maneno yale, kaka.

Kabla ya hapo tulikwenda Lake District, nchi ya maziwa na milima, kaskazini, tukalala kwenye hosteli ya vitanda vya ghorofa, tukapika pamoja. Kesho yake tukapanda Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya England. Ni mita 978. Walipokuwa wakipigana picha kileleni niliwaambia kwamba kitanda nilichozaliwa kiko juu kuliko hapa tuliposimama, na kwamba kwetu hata hapo ni bondeni, mlima wenyewe unaanzia nyuma ya nyumba na kwenda mpaka mita 5,109. Walinyamaza. Lakini kaka, tulipokaa chini kula, kila mtu na mkate wake wa baridi na chai ya chupa, nilishindwa kumeza. Nilitamani bundu ya moto, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Katunguru, nilitamani harufu ya kahawa iliyoanikwa uani, nilitamani mtu mmoja tu wa kunisemesha lugha yetu. Nikasema ni upepo umenitoa machozi.

Basi nije kwenye seng'enge, maana haya yote yanakwenda huko.

Mlima ule wa Kinder ninaoupanda Jumapili ulikuwa umefungwa. Ulikuwa mali ya matajiri, mmoja wao Duke wa Devonshire, na waliutunza kwa ajili ya kuwinda ndege siku chache za mwaka. Walinzi walizunguka na marungu kuwafukuza watu. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani Manchester na Sheffield, walipanda kwa makusudi bila ruhusa ya mtu. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Walikutana na walinzi wakakwaruzana, na vijana 5 wakafungwa jela, mmoja wao miezi 6, kwa vurugu zilizotokana na kutembea kule. Kesi ile iliwachoma watu nchi nzima. Mwaka 1949 bunge likapitisha sheria ya kuwafungulia watu mashamba na milima, na mwaka 1951 eneo lile likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hii. Wala si hifadhi kama yetu ya Rwenzori ya mwaka 1991 iliyotuambia msitu si wetu tena. Ndani ya hii watu wanaishi, wanalima, wanafuga.

Na mwaka 2002, miaka 70 baadaye, mjukuu wa yule Duke alisimama hadharani mbele ya watembezi akaomba radhi kwa yaliyotendwa na babu yake. Kaka, mimi sitaki mjukuu wako aje aombe radhi Kilembe.

Najua utaniambia huko ni Ulaya, ardhi yao si yetu. Nisikilize. Ardhi bado ni ya mwenyewe. Mkulima analima, anauza, anarithisha, hakuna anayemgusa. Kinachobaki kwa watu ni kupita tu. Nimepita katikati ya shamba la shayiri lililofika kiunoni, na mkulima mwenyewe ameiacha njia wazi kutoka ukuta mpaka ukuta, upana wa mtu mmoja, shayiri imesimama kulia na kushoto haikuvunjwa hata bua. Akilima juu ya njia, sheria inampa siku 14 kuirudisha, na upana wake usipungue mita moja. Ipo njia moja inayoanzia pale pale Edale, ilifunguliwa mwaka 1965, inakwenda kilomita 431 mpaka Scotland, na inapita kwenye mashamba ya watu wasiohesabika. Hakuna aliyefilisika kwa hiyo mita moja.

Njia yetu ya mtoni wewe hukuitengeneza, mimi sikuitengeneza, na baba hakuitengeneza. Aliikuta. Alipita hapo kwenda zamu mgodini, yeye na wenzake wa kambini waliotoka kila upande wa nchi, ndiyo maana mimi na wewe tulikua tunaongea Kiswahili barabarani. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulipofurika na kuzoa nyumba na mawe, watu wa chini walipandia wapi? Walipandia kwetu. Mama alikuwa amesimama pale juu na taa, anawavuta watoto mkono mmoja mmoja. Mwaka 2020 mto ulirudi, wakapandia hapo hapo. Leo unataka kuweka seng'enge. Mto ukija tena usiku, mtoto wa jirani ataikuta seng'enge gizani na maji yako nyuma yake. Hilo nimelifikiria zamu nzima ya usiku, nimeshindwa kulitoa kichwani.

Nasikia umeshakwenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, na akasema shamba ni lako, fanya utakalo. Huenda. Lakini shamba hilo baba alituachia wote, na jina langu halikufutwa kwa sababu nimepanda ndege.

Hata hivyo malalamiko yako nayaelewa. Mbuzi wa watu wanakula miche ya kahawa, na miche uliipanda kwa jasho lako. Hapo uko sahihi kabisa na nitasimama na wewe. Huku wanalo geti ambalo tangu nilione nimekuwa nikikuwazia wewe. Ni geti dogo la mbao linalobembea ndani ya kizimba cha nusu duara. Unaingia kwenye kizimba, unalisukuma geti upande wa pili, unatokea. Mtu anapita, mwenye ndoo anapita, mama mwenye mtoto mgongoni anapita. Mbuzi hawezi, ng'ombe hawezi, kwa sababu halifunguki lote kwa wakati mmoja, wala halina kufuli wala komeo la kusahauliwa wazi. Ziko pia ngazi za kuruka ukuta, lakini hizo sizitaki, magoti ya Mama hayatazipanda.

Nimelipima geti moja kwa futi ya fundi, wenzangu wamenishikia, na nimelichora na vipimo vyote nyuma ya ukurasa wa mwisho. Mpelekee seremala wa pale stendi, yule aliyetengeneza kitanda cha Mama. Mbao ziwe za mkalitusi uliokauka. Yawe mawili, moja juu barabarani, moja chini mtoni. Pesa za mbao na ufundi nitatuma zote mwisho wa mwezi, na nitazituma kwa jina la wifi, usikasirike. Na ukitaka seng'enge pande mbili za njia, kahawa ikae ndani na watu wapite katikati, nusu ya gharama nitachanga. Ila kizimba kiwe kipana, usilegeze hapo. Mama Biira ana mwili, naye anapita kila asubuhi kwenda sokoni.

Kwa seng'enge ya kuziba njia sitatoa hata shilingi moja, na baba mdogo naye ameniambia kwamba hatakuja kuchimba mashimo.

Nijibu kabla mvua za mwezi wa nane hazijaanza. Msalimie Mama, mwambie kizibao alichonifumia ndicho ninachovaa mlimani, na Wazungu wawili wameshaniuliza kinauzwa wapi. Watoto waambie nikija nitawachukua wote tupande mpaka msitu unapoanza, na atakayetangulia na ramani ni yule mdogo.

Dada yako,
Masika