Usambara kwa pikipiki: jiandaeni na kushuka

Mhariri,

Kila sikukuu zinapokaribia, kurasa za utalii wa ndani hupambwa na picha za Irente na maporomoko ya Soni, na vijana wa Dar es Salaam, Tanga na Moshi hufunga mabegi kwenye pikipiki wakaelekea Lushoto. Waje tu. Milima hii haidai gari la kifahari, na vijiji vingi vya huku hufikika kwa raha zaidi kwa magurudumu mawili kuliko manne. Tatizo ni kwamba ushauri wanaopewa karibu wote ni wa kupanda: CC ziwe nyingi, injini iwe na pumzi. Pikipiki yoyote nzima ya CC 125 inapanda Usambara. Kinachowashinda wageni ni kushuka.

Tuanze na Mombo. Mji huo uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko karibu na mita 1,400, na kati yake ni kilomita 33 hivi za lami. Sehemu kubwa ya mwinuko huo unaimaliza kabla hujafika Soni, katika kilomita kama 20 za mwanzo, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Sasa chukua pikipiki ya kilo 120, watu wawili na begi: jumla kilo 280. Kuirudisha Mombo kutoka Soni ni kuishusha mita 700 na zaidi. Kazi hiyo ikiachiwa breki peke yake, joto litakalotoka linatosha kuchemsha lita 5 za maji, nalo karibu lote litaishia kwenye ngoma ya breki ya nyuma yenye kipenyo cha milimita 110 au 130, kwa sababu wengi hukanyaga ya nyuma tu na kuiogopa ya mbele.

Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vilivyomo ndani. Pedali inazama, unakanyaga zaidi, unasikia harufu ya kuungua, na mwendo haupungui. Mbaya zaidi, uso wa viatu vile ukishaungua hung'aa kama kioo, na hata vikipoa haviumi tena mpaka vipigwe msasa au vibadilishwe. Ndiyo maana mtu anasimama Mombo, anapumzika, breki inaonekana imerudi, halafu inamwangusha safari inayofuata. Ukisikia ile harufu, simama mahali pa wazi kwa dakika 15 au 20. Usimwagie ngoma maji. Chuma chenye moto kikipata maji ghafla kinaweza kupinda au kupasuka.

Wenye breki ya diski mbele wana ugonjwa wao. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa, na yenye maji huchemka mapema. Yakichemka hutoa mapovu, na mkono wa breki unafika hadi kwenye mpini bila kushika kitu. Mafuta hayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yabadilishwe kabla ya safari hata kama miaka miwili haijatimia.

Dawa ya yote haya haina gharama: injini ndiyo breki ya kwanza. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia mteremko huo. Kwa pikipiki nyingi za kawaida hiyo ni ya tatu kwenye lami na ya pili penye kona kali, na ichaguliwe kabla mteremko haujaanza, maana kutafuta gia katikati ya kasi ndiko kunakofanya gurudumu la nyuma lijifunge na kuserereka. Kipimo ni rahisi: ukijikuta umeshika breki muda wote, gia yako ni kubwa mno. Injini italia. Iache ilie.

Kuna tabia ya kuweka nyutro au kuzima injini kabisa ili kubana mafuta. Faida yake ni tone. Pikipiki zenye mfumo wa sindano hukata mafuta zenyewe unapoachia akseleta ukiwa kwenye gia, na zenye kabureta hutumia kidogo sana. Badala yake umeipa breki mzigo wote, na ukitaka kurudisha gia kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, tairi la nyuma linakwama kwanza ndipo injini inawaka.

Breki ya kona ishikwe kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima, kisha iachiwe pikipiki inapolala kwenye kona. Kwenye lami kavu nguvu kubwa iko mbele. Vidole viwili vinatosha, vikikaza polepole. Kwenye changarawe na tope mambo ni kinyume, nyuma zaidi na mbele kwa kugusa tu. Baki kushoto hata kona ikionekana tupu, kwa sababu lori linalopanda na viazi haliwezi kukunja kona ile bila kuingia upande wako. Piga honi fupi kabla ya kona isiyoonyesha mbele. Na ukikuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, punguza mwendo papo hapo: mbele kuna gari bovu, mawe yaliyoporomoka au ukingo uliokatika. Hiyo ndiyo pembetatu ya tahadhari ya huku, na huwekwa mapema kuliko ile ya plastiki.

Baada ya Lushoto mambo yanabadilika. Njia ya kwenda Mtae kupitia Magamba na Lukozi ina kiasi cha kilomita 60, na mgeni asiipigie hesabu ya lami. Kwenda kwa muda wa saa tatu ni mwendo wa haki, kuzidi hapo kukiwa na mvua. Magamba ni msitu wa hifadhi wenye mbega, na anayetaka kuingia ndani kwa miguu hulipa kibali. Kupita barabarani ni jambo jingine. Ukungu wake wa asubuhi hukaa muda mrefu hasa Juni hadi Agosti, na ndani ya ukungu taa kamili hurudisha mwanga machoni pako mwenyewe. Washa taa ndogo. Koti lisilopitisha upepo na glavu si urembo, vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki.

Injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo pikipiki iliyozoea Tanga mjini itajisikia mzee huko Shume. Hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi, plagi inakuwa nyeusi. Kwa safari ya siku chache usianze kubadilisha sindano za kabureta. Safisha chujio cha hewa, weka plagi nyingine kwenye begi, basi. Anayebeba abiria na mzigo anaweza kubadilisha spoketi ya mbele kutoka meno 14 hadi 13: anapata msukumo wa asilimia 7 hivi, anapoteza kiasi hichohicho cha kasi ambayo huku hana pa kuitumia, na kushuka na gia kunakuwa kuzuri zaidi.

Udongo mwekundu unahitaji heshima yake. Ukiwa mkavu ni vumbi, ukiloa ni sabuni, na ukianza kukauka ni gundi. Hatua ile ya gundi ndiyo husimamisha pikipiki kabisa: tope hujaa kati ya tairi na madigadi ya mbele hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Wenyeji wengi huinua madigadi au huifungua kabisa wakati wa mvua, na hawakosei. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Nje ya miezi hiyo bado kuna manyunyu. Mvua ikikukuta Lukozi, agiza chai. Saa mbili za jua na upepo hubadilisha barabara kuliko ustadi wowote wa dereva.

Upepo wa tairi: kwenye lami mbele PSI 25 na nyuma 28 hadi 32 kulingana na mzigo. Kwenye tope na mawe punguza hadi 22 na 25. Usishuke chini ya 18 kwa tairi lenye tyubu, kwa sababu tairi litateleza juu ya rimu, tyubu itavutwa nalo, na mdomo wa kujazia upepo utakatika. Tyubu iliyokatika mdomo haizibwi kwa kiraka. Beba tyubu moja ya saizi ya mbele, maana ikibidi itakufikisha hata ikivishwa nyuma, ila soma namba kwenye tairi kwanza.

Mnyororo ulegee milimita 20 hadi 30, na upimwe tena watu wakiwa wamekalia, kwa kuwa shokapu zikibonyea nafasi hiyo hubadilika. Uliokazwa sana hukatika kwenye mashimo au hula beringi. Kwenye begi weka kiungo kimoja cha mnyororo, waya wa klachi na wa akseleta, spana namba 10, 12, 14 na ile ya ekseli ya pikipiki yako, spana ya plagi, pampu ndogo na vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia. Spoku zigongwe kwa spana moja baada ya nyingine. Inayotoa sauti ya kulegea ikazwe kabla hujatoka Lushoto.

Mafuta ya uhakika yako kwenye vituo vya Mombo na Lushoto. Mbele ya hapo ni chupa za dukani, nyingi zikiwa safi, chache zikiwa na maji au zimechanganywa na mafuta ya taa. Nunua kwenye chupa isiyo na rangi, iache itulie dakika chache: maji hukaa chini. Tonesha kidogo kwenye karatasi. Petroli hupotea bila alama, mafuta ya taa huacha doa la grisi. Ukishajaza na injini ikaanza kukohoa, fungua skrubu ya chini ya kabureta, mwaga kilichomo kwenye bakuli lake, funga, jaribu tena.

Tukija kwenye vijiji vyenyewe. Mlalo wana nyumba za ghorofa za udongo zinazostahili safari peke yake. Vuga, yalikokuwa makao ya mtawala wa Washambaa, Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai, wengi huipita bila habari. Mtae iko juu ya ukingo kabisa, na chini yake mbuga za Mkomazi. Lakini vijiji hivi si mandhari ya kupigia picha kwa mbio. Ukiingia, shusha mwendo hadi vumbi litulie, kwani kuna watu wameanika mazao kando ya njia. Vua kofia ngumu kabla ya kusalimia, mzee hawezi kuitikia kioo cheusi. Asubuhi, salamu ya Kishambaa "onga maundo" itakufungulia mazungumzo. Picha iombwe. Ukitaka kulala nje ya nyumba ya wageni, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji.

Siku za gulio barabara hujaa. Lushoto ni Jumapili na Alhamisi, Soni Jumanne na Ijumaa, Sunga Jumatano. Ni siku nzuri za kuona na mbaya za kukimbia: kila kona ina mtu mwenye tenga la kabichi kichwani au bodaboda lenye magunia mapana kuliko njia. Mlipe dereva wa bodaboda wa huko akutangulie kwenye vipande usivyovijua. Anajua daraja lipi mbao zake zimelegea, na ukiona ameshuka kukokota, shuka nawe.

Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, isije huku hata kwa mzaha. Kofia ngumu mbili, abiria mmoja, mzigo uwe chini na katikati. Kwenye mteremko pikipiki iegeshwe pua ikielekea juu na gia ya kwanza ikiwa imeingia, hasa pale Irente ambako ukingo hauna msamaha.

Tungeomba wenye dhamana ya barabara waongeze vibao vya kuhimiza gia ya chini kwa waendao Mombo, na sehemu pana za kusimama kupoza breki; zilizopo huishia kuwa vibanda vya matunda. Nanyi, Mhariri, mnapochapa picha za Lushoto, nafasi ya mistari mitatu ya gia na breki haikosi chini yake.

Na wanaorudi kutoka Mtae waondoke kabla ya saa sita mchana. Hapo watafika Lushoto saa tisa, wakague breki ya nyuma, pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla haijashika, na waumalize mteremko wa Soni kabla giza halijaingia.

Fundi pikipiki,
Soni, Tanga